Firmin Krandeli, Mtoto wa Kunda

Baba Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Yeoville, na ninyi mliofunga kazi Sandton na Randburg ili mtusindikize, kabla hatujaondoka kwenda makaburini Westpark familia inawaomba mkae, walio mlangoni wasogezewe viti, kwa kuwa historia hii si fupi, na ndani yake mna neno moja ambalo marehemu alitaka kila mtu alisikie, na msomaji wake Parfait, ambaye ni mpwa wa marehemu, ameonywa na marehemu mwenyewe asiliruke. Tunaisoma kwa Kiswahili cha katikati, ambacho Mtanzania, Mkenya, Mrundi na Mkongomani kila mmoja atavumilia mahali pake.

Marehemu Firmin Krandeli alizaliwa tarehe 14 Februari 1954 katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, Katanga, akiwa mtoto wa Kunda, na Kunda alikuwa mtoto wa Chola, na Chola alikuwa mtoto wa Mwape, wote wa ukoo wa Bena Mfula, watu wa mvua, katika kabila la Walamba, ambao huhesabu uzao kwa upande wa mama, kwamba mliotoka tumbo moja ninyi ni kitu kimoja, baba awe huyu au awe yule. Tunajua wengi wenu mmeshtuka kusikia historia ya mzee Firmin ikianzia kwa mwanamke, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye dakika chache bila kusimuliwa habari za Josiah Krandeli wa Amerika, na huyo Josiah atakuja, msiwe na wasiwasi, lakini safari hii atasubiri zamu yake, na ni marehemu aliyemweka nyuma ya foleni.

Kunda aliolewa mara mbili. Kwa mume wa kwanza, mfanyakazi wa reli aliyefariki mapema, alimzaa Victorine mwaka 1945, na kwa mume wa pili, Albert Krandeli, alimzaa Firmin, kisha akafariki tarehe 2 Novemba 1960 kwa homa, akamwacha Firmin ana miaka sita na Victorine ana miaka kumi na mitano. Baba Albert akahamia mji mwingine akaoa upya, mzigo wa kulea ukamwangukia binti yule, naye hakuutua, maana hata alipoolewa mwaka 1962 alimwambia bwana arusi mbele ya wazee kwamba yeye haji peke yake, anakuja na mtoto wa mama yake, na asiyetaka wawili asichukue hata mmoja. Hivyo marehemu alihudhuria arusi ya dada yake akiwa sehemu ya mizigo ya bibi arusi, kama alivyopenda kutania zamani, siku alizokuwa bado anaweza kumtaja dada yake bila kuinamisha macho.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya misheni Likasi hadi mwaka 1967, na sekondari akaimaliza mwaka 1973, na maandazi aliyokaanga Victorine kila alfajiri na kuyauza kwenye lango la mgodi ndiyo yaliyonunua kaptula, madaftari na viatu vyake. Baba yake alikuja kumtembelea siku za likizo, na alichomletea ni kile alichokuwa nacho, yaani majina. Alimkalisha mbele yake akamkaririsha, Firmin wa Albert, Albert wa William, William wa Thomas, Thomas wa Enoch, Enoch wa Josiah, na hapo mtoto alitakiwa kusimama wima, kwa sababu Josiah, kwa masimulizi ya kwao, ndiye aliyevuka milima na shoka na bunduki akajenga ngome ya magogo kwenye kona ya mto huko Kentucky, kabla nchi ile haijapata serikali. William, kitukuu cha Josiah, alifika Katanga karibu mwaka 1913 kutoboa miamba ya shaba, akazaa na bibi mmoja wa Kilamba mtoto huyo Albert, na mwaka 1919 akarudi kwao bila kuaga, akaacha jina na jozi moja ya buti ambazo hazikumtosha mtu yeyote mtaani.

Victorine, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, aliuliza siku moja swali ambalo marehemu alilikumbuka hadi uzeeni, kwamba huyo Josiah alipofika kwenye ule mto, hakukuta watu? Baba Albert akajibu kwamba watu walikuwepo, tena wengi, ila majina yao hayakuandikwa. Victorine akasema, "Aya," akaendelea kusonga bukari, ule ugali wa kwetu.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa mwaka 1974 kama karani wa stesheni ya reli Likasi, akakata tiketi na kupiga mihuri kwa uaminifu hadi mishahara ilipogeuka hadithi, na tarehe 9 Machi 1997 akaingia Johannesburg, akaanza na ulinzi wa magari kwenye maduka ya Randburg, amevaa koti la rangi ya chungwa lililompwaya, akiwaambia walinzi wenzake, ambao hawakumwamini hata kidogo, kwamba baba wa babu wa babu yake alikuwa na ngome. Mwaka 2001 alijiunga na fundi Bakiri wa Tanga, ambaye yuko hapa mstari wa pili na kofia yake, katika duka la ushonaji la mtaa wa Rockey, Bakiri akishona kanzu na marehemu akishona suti za kanisani na sare za shule, na wakakaa hivyo, cherehani kwa cherehani, mpaka marehemu alipougua. Mwaka 2003 dada yake alipofiwa na mume, marehemu alimleta Johannesburg na kumtafutia meza sokoni Yeoville, ambako hadi leo anauza sombe, ambayo wengine mnaiita kisamvu, na samaki wakavu.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Mama Jocelyne tarehe 18 Agosti 1979, na aliyekwenda kuposa, akasimama badala ya mama, ni Victorine. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gaël mwaka 1981 na Carmel mwaka 1988, waliokua wakicheka baba yao akikariri majina yake wakati wa kula, mpaka Carmel, aliyekuwa tayari ana kazi ya benki Sandton, alipotema mate kwenye kichupa mwaka 2016 na kukituma ng'ambo kupimwa nasaba, kwa utani tu, ili ajue kama mzee anaota. Majibu yakarudi kwamba mzee haoti. Ikaja barua pepe kutoka kwa chama cha wazao wa Josiah, katibu wao bibi mmoja mwenye furaha anayeitwa Lorraine, akisema tawi la William, ambalo kwenye mti wao lilikuwa limekatika likabaki kisiki, kumbe lilichipua Katanga na linaishi Yeoville. Marehemu alilia pale dukani mbele ya wateja, na hatumlaumu kwa machozi hayo, kwa sababu mtu aliyechekwa maisha yake yote kwa jambo la kweli ana haki ya kulia likithibitika.

Wapendwa, hapa ndipo penye lile neno. Ndugu hao wa Amerika walipokuja nchini kutazama wanyama, walipitia Johannesburg, wakaualika ukoo mzima kwenye chakula katika hoteli moja ya Sandton, Jumamosi ya tarehe 24 Juni 2017. Marehemu alijishonea suti ya kijivu, akamshonea mkewe gauni, na dada yake alipoleta kitenge chake kipya cha kijani chenye ndege, akamshonea nacho nguo kwa mkono wake mwenyewe, akaweka na nakshi shingoni, na Bakiri ni shahidi kwamba hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa upole kama ile.

Wageni walikuwa wametandaza juu ya meza karatasi kubwa yenye mti wa ukoo, mizizi kwa Josiah na matawi hadi kwa watoto wachanga, na desturi yao ni kwamba kila mmoja huweka kidole kwenye jina lake ndipo hupigwa picha. Carmel akaweka kidole, Gaël akaweka, marehemu akaweka, akapigiwa makofi. Ndipo Bibi Lorraine, kwa nia njema kabisa, akamwona mama mzee mwenye kitenge cha kijani akiinama na miwani yake kutafuta jina kwenye karatasi, akamgeukia marehemu akamuuliza kwa Kiingereza, na huyu mama ni nani kwako, yuko tawi gani?

Marehemu aliitazama ile karatasi. Mti ule ulishuka kwa baba, na Victorine hakuwa na tone la damu ya Krandeli, hivyo hapakuwa na tawi wala jani ambalo angewekwa, na mtu yule ambaye kwa hesabu ya kwao ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote chumbani, kwa hesabu ya karatasi ile hakuwepo. Aliona kwamba akisema ni dada wa baba mwingine, itabidi aeleze habari za mama yake, na wageni wataanza kuulizana, na pengine watalitilia shaka na tawi lake ambalo ndiyo kwanza limechipua. Akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba huyu mama anatusaidia kazi za nyumbani.

Alidhani dada yake haelewi. Mtu aliyeuza sombe Yeoville miaka kumi na minne, kwa Wazulu, Wanigeria na Waethiopia, anaelewa Kiingereza kuliko anavyokisema. Victorine alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akachukua trei ya vikombe iliyokuwa mezani akaanza kuwapitishia wageni chai. Marehemu alipokea kikombe chake kutoka kwenye mkono uliomlea, na alisema baadaye kwamba alikunywa chai ile yote kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Aibu anayoipata mtu akiumbuliwa na wengine huisha, lakini ile aliyojitia mwenyewe alilala nayo na kuamka nayo.

Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, kikaja kitabu chenye jalada gumu na historia ya wazao wa Josiah, na kwenye ukurasa wa tawi la William ipo picha ya siku ile, kila uso na jina lake, na pembeni kabisa mama mmoja ameshika trei, chini yake pameandikwa mtumishi wa familia. Marehemu, aliyekingojea kitabu kile tangu utotoni, alikitazama mara moja akakipandisha juu ya kabati. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akikariri majina tena, na wateja waliomchokoza kuhusu ngome aliwajibu kwa kuwapima mabega.

Victorine hakugomba, wala hakumsema kwa majirani, ila alifanya kitu kibaya zaidi, alimtii. Tarehe 7 Septemba 2019, Carmel alipoolewa katika ukumbi mmoja wa Randburg, kiti cha shangazi kilitandikwa kitambaa cheupe mbele ya watu wote, kwa kuwa bila shangazi nani atamkabidhi bibi arusi, na Victorine akaingia kwa mlango wa jikoni, amevaa kile kitenge cha kijani na juu yake amefunga aproni, akaanza kugawa wali. Mzee wa upande wa bwana arusi akauliza kwa sauti, shangazi wa bibi arusi yuko wapi? Naye akaweka sufuria chini, akajibu, "Mi niko wa kazi apa, papa. Patron ni ule kule," akamwonyesha marehemu, eti ndiye bosi wake, kwa mwiko. Ukumbi mzima ukacheka, maana alisema vizuri, nasi tuliojua tukacheka kwa midomo tu. Kiti cheupe kilikaa kitupu hadi mwisho, Carmel alilia akaharibu vipodozi, na marehemu hakula kitu.

Kwa watu wa kwetu, mdogo akimkosea mkubwa wake hapeleki maneno matupu. Hupiga magoti mbele yake, akakutanisha viganja vilivyofinyangwa kama mtu anayeteka maji, akavipigisha polepole, vikatoa mlio wa chini, wala hanyanyuki mpaka aitikiwe. Marehemu aliijua desturi hii vizuri sana, na mara nyingi alitoka dukani akisema anakwenda kwa dada, akafika getini kwake, akasikia mchi ukitwanga sombe ndani, akarudi kwa njia ya nyuma ili asipite sokoni. Alisema anangoja siku nzuri. Fundi Bakiri, ambaye hana simile na ulimi, alimwambia, "Ndugu yangu, mkana kwao mtumwa, hilo walijua wazee. Lakini wewe kila siku unapima kitambaa, unapima, unapima. Lini utakata?" Marehemu akainama kwenye cherehani, akashona mshono uliokwenda upande, ikabidi aufumue.

Hatimaye alikata shauri. Jumapili ya tarehe 18 Agosti 2024 ndoa yake ilikuwa inatimiza miaka arobaini na mitano, na alimwomba Baba Mchungaji nafasi ya kusema neno mbele ya kanisa, akamtuma Mama Jocelyne amsihi Victorine aje, hata na aproni yake. Alhamisi ya tarehe 15, akiwa kwenye cherehani ameshika mkono wa koti la mtu, kiharusi kikampiga, kikamnyang'anya upande wote wa kulia, na kikamnyang'anya ulimi. Neno alilolibeba miaka saba, lilipofika mlangoni, mlango ukafungwa.

Alilazwa katika hospitali ya serikali, kwenye wodi ambayo hawaruhusiwi kuingia ila ndugu wa karibu, na siku ya tatu Victorine alitokea mlangoni na chungu cha sombe, aproni kiunoni. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Muuguzi akamzuia, akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa, naye akaelekeza kidevu kitandani, kwamba muulize mwenyewe. Muuguzi, binti mpole wa Soweto, akamwinamia marehemu, akamuuliza kwa Kiingereza swali lile lile, karibu kwa maneno yale yale, baba, huyu mama ni nani kwako?

Marehemu alifungua kinywa, sauti ikatoka, lakini haikuwa neno. Akajaribu tena, mate yakamtoka, machozi yakamtoka. Ndipo akaunyanyua mkono wa kushoto, akaupiga juu ya tumbo lake, akamwonyesha dada yake, akalipiga tena tumbo, akamwonyesha tena, tumbo moja, tumbo moja, hata muuguzi asiyejua mila za Walamba akaelewa, akasogea kando. Kisha marehemu akaanza kufanya jambo ambalo tuliokuwepo hatukuweza kulitazama. Alifinyanga kiganja cha kushoto, akakipeleka kutafuta cha kulia, na cha kulia kilikuwa kimelala juu ya shuka hakimjui, akakipiga pale kilipolala, hakikutoa mlio. Akapiga tena, kimya.

Victorine aliweka chungu sakafuni. Akafungua aproni, akaitundika kwenye chuma cha kitanda, akakaa. "Mukono moya haipigake makofi," akasema, "leta." Akafinyanga kiganja chake akakitega mbele ya kiganja cha mdogo wake, na marehemu akapigisha hapo, kiganja chake kwenye kiganja cha dada yake, taratibu, ule mlio wa chini wa kwetu, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka. Alipochoka, dada yake akamfuta uso akamwambia, "Unakawia sana, mutoto wa mama. Ulikuwa unangojea mukono ikufe?" Na marehemu, kwa nusu ya uso iliyobaki, akacheka.

Lakini Victorine ni mwanamke wa haki, na aliongeza jambo lingine kabla hajaanza kumlisha, kwamba kati yao wawili yamekwisha, ila yeye alikanwa mbele ya watu, kwa hiyo atakubaliwa mbele ya watu, hayo ya hospitali ni ya hospitali. Marehemu aliitikia kwa kichwa. Tangu hapo kazi yake ilikuwa moja, kufundisha ulimi maneno mawili, dada yangu, na dada yake mwenyewe ndiye aliyekuwa mwalimu, akimlisha kijiko na kumsubiri, kijiko na kumsubiri. Siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili mwaka huu, tulimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mbele ya kanisa, akashika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, ikatoka "da", ikatoka tena "da", na kanisa, likidhani anamsifu Mungu, likaitikia amina kwa nguvu. Alirudishwa nyumbani akiwa ameinamisha kichwa, na Victorine akamwambia haikuisha, atajaribu Jumapili nyingine.

Hakupata Jumapili nyingine zaidi ya moja, na hiyo aliimalizia kitandani. Alifariki nyumbani kwake Yeoville alfajiri ya Jumanne, tarehe 29 Aprili 2025, akiwa na miaka sabini na mmoja, mkono wake wa kushoto ukiwa katika mkono wa Mama Jocelyne na ule wa kulia, usiohisi, ukiwa katika mkono wa dada yake. Lakini kabla ya hapo, kwa ishara na kwa vipande vya maneno ambavyo mkewe alijifunza kuvisoma, aliagiza mambo mawili, kwamba historia yake ianze kwa mama, na kwamba lile neno lililomshinda lisemwe na mwingine badala yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na hasa yule binti wa mlangoni aliyeuliza swali kisha akangoja jibu. Inawashukuru majirani waliopika na kulala hapa tangu msiba ulipoanza, wanasoko wa Yeoville waliofunga meza zao leo, wenzake Carmel wa benki, Baba Mchungaji kwa ile amina ya Pasaka ambayo sasa ameielewa, na fundi Bakiri aliyemshonea marehemu suti anayozikwa nayo, akaikata siku ile ile bila kupima mara ya pili. Inamshukuru pia Bibi Lorraine na wazao wa Josiah kwa shada la maua lile jeupe pale, hatuna kinyongo nao, waliuliza swali zuri. Kitabu chao kipo juu ya kabati, picha ipo na maandishi yapo, hatukuyachana, maana karatasi haichanwi ikaondoa kilichosemwa, tunachoweza ni kusema jingine.

Basi, ndugu waombolezaji, kwa mila zetu marehemu hatoki uani mpaka upande wa mama yake umtoe, na mkubwa aliyebaki upande wa mama yake ni mtu mmoja, amekaa pale kwenye mkeka karibu na jeneza, amevaa kitenge cha kijani chenye ndege. Baba Mchungaji, wazee, majirani, na ninyi mliokula wali wake kule Randburg mkacheka, marehemu Firmin Krandeli anawaambia hivi mbele yenu nyote, huyu ni dada yangu. Victorine, mtoto wa Kunda, ndiye aliyenilea na kunisomesha, ndiye aliyekwenda kuniposea, nami nilimkana kwa aibu yangu mwenyewe, si kwa kosa lake.

Mikono yake yote miwili sasa imetulia, na mkono mmoja haupigi makofi, kwa hiyo leo sisi ndio mkono wake. Tunawaomba mpige magoti, anayeweza, mfinyange viganja, mpige polepole, hivi, wala msiache mpaka dada yake aitikie.

Mama, tunamwombea mdogo wako njia. Wewe pumzika, Firmin, mtoto wa Kunda, mdogo wake Victorine.